Kuongeza Chumba Bila Kuongeza Kinga

Asafiriye leo kutoka Ukunda hadi Msambweni hakosi kuona nyumba zinazoongezwa vyumba vya kupangisha. Mwenye nyumba humwita fundi, waya ukavutwa kutoka soketi ya zamani hadi chumba kipya, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Swali linalozuka ni hili: je, analazimika pia kubadilisha fyuzi zilizokaa ukutani tangu nyumba ilipotiwa stima?

Wapo wasemao halazimiki, na kwa kiasi fulani hawakukosea. Kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa mwongozo wa mafundi wa Kenya, hazidai kila kifaa cha zamani king'olewe kanuni mpya zitokapo. Hata hivyo, kanuni hizo hizo zataka kazi mpya itimize masharti ya leo, na swichi kuu, waya na njia ya ardhi zilizopo zithibitishwe kuwa zaweza kuubeba mzigo ulioongezwa. Soketi mpya za nyumbani nazo hulindwa kwa kifaa kinachokata umeme uvujapo kufikia miliampea 30. Basi ang'ang'aniaye neno "halazimiki" amesoma nusu ya sharti.

Tuipime hoja hii kwa fizikia ya darasani. Fyuzi hulinda waya usiungue, haimlindi binadamu. Miliampea 50 zipitazo kifuani zaweza kuua, ilhali fyuzi ya ampea 30 haitikisiki. Tuseme nondo ya ardhi imechomekwa penye mwamba wa matumbawe au mchanga mkavu, na ukinzani wake ni omu 40. Birika la umeme likipata hitilafu, volti 240 zitasukuma ampea 6 tu kwenda ardhini. Fyuzi haitakatika. Bati la birika litabaki na umeme, likimngoja mtoto mwenye miguu iliyolowa maji. Lakini kwa kifaa cha miliampea 30, ampea hizo 6 ni mara 200 ya kiwango chake. Kitakata mara moja.

Gharama ni mzigo, hilo halina ubishi. Asiyeweza kubadilisha vyote kwa mkupuo na aanze kwa kupima njia ya ardhi na kuweka kifaa kimoja cha kulinda nyumba nzima, fyuzi zikibakia kulinda waya, mradi zisifungwe waya mnene kupita kiasi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 yataka kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni. Rahisi ghali, walinena wahenga.

Mpangaji, awe mwalimu au mwanafunzi, hachagui fyuzi ya nyumba alalamo. Mwenye nyumba ndiye achaguaye, naye ndiye apokeaye kodi. Ni haki basi kwamba kila chumba kinachoongeza kodi kiongeze pia kinga, na mpangaji asione haya kuuliza kabla ya kuhamia.