Una pumu na unaishi Nairobi? Linda kifua chako

Kama una pumu, unajua Nairobi haikuhurumii. Asubuhi uko steji, matatu inanguruma na kukutemea moshi mweusi usoni. Jioni jirani anachoma takataka. Na ukiishi karibu na jaa la Dandora, moshi ndio majirani wenyewe.

Kuhama si rahisi, lakini kuna ujanja. Ukingoja mat, simama mbali na ekzosi, upande upepo unakotoka. Lori likiwa mbele yenu kwenye foleni, funga dirisha. Mazoezi ya kukimbia usifanyie kando ya barabara kuu saa za msongamano. Tafuta uwanja wa mtaa au msitu wa Karura. Msee akiwasha sigara ndani ya gari, mwambie makanga bila woga. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza.

Sasa inhela. Ile ya bluu hulegeza misuli ya njia za hewa, unapumua ndani ya dakika chache. Lakini haiondoi uvimbe ulio ndani. Hiyo ni kazi ya inhela ya kuzuia, unayovuta kila siku hata ukijiskia fiti. Ukijipata unaivuta ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, rudi kliniki. Pumu yako haijadhibitiwa.

Na usiifiche kwa aibu. Waonyeshe marafiki unapoiweka na inavyotumika. Siku kifua kitakapokubana ushindwe kuongea, wao ndio watakaoitoa.