Kilichopakuliwa Nyumbani: Nani wa Kujibu?

Mwaka 2007, katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota nchini Marekani, mama mmoja aitwaye Jammie Thomas-Rasset alisimama mahakamani kujibu dai la nyimbo 24. Hakuzinakili ili aziuze. Kampuni za muziki zilidai kwamba aliziweka wazi katika Kazaa, programu iliyowawezesha watu wasiojuana kugawana faili kutoka tarakilishi moja hadi nyingine, pasi na idhini ya wenyewe. Jopo la raia lililosikiliza kesi liliona dai limethibitika, likamtoza fidia ya dola 222,000, yaani dola 9,250 kwa kila wimbo. Siku hizo wimbo mmoja ulinunuliwa kwenye mtandao kwa senti 99.

Jaji aliona kwamba maelekezo aliyowapa wanajopo yalikuwa na kasoro, akaamuru kesi isikilizwe upya. Jopo la pili, mwaka 2009, likapandisha fidia hadi dola 1,920,000. Jaji akaiteremsha hadi dola 54,000. Jopo la tatu, mwaka 2010, likatoza milioni moja na nusu. Hatimaye, mwaka 2012, mahakama ya rufani ikazirudisha zile 222,000 za mwanzo. Nyimbo ni zile zile 24, na mama ni yule yule.

Tofauti hii ilitoka katika sheria yenyewe. Sheria ya Marekani yaruhusu fidia ya kuanzia dola 750 hadi 150,000 kwa kila kazi iliyonakiliwa kwa makusudi, wala mwenye mali halazimiki kuonyesha amepata hasara kiasi gani. Kwa mwenye kiwanda cha kunakili kanda na kuziuza kwa maelfu, kipimo hicho chaweza kueleweka. Kumpimia kwacho mama na tarakilishi ya nyumbani, sisi twaona ni kupita mpaka. Kampuni zenyewe, baada ya kuwashtaki maelfu ya watu, zilitangaza mwishoni mwa 2008 kwamba zingeacha mtindo huo.

Ufaransa ilijaribu njia nyingine, nayo yazihusu familia zaidi. Sheria ya mwaka 2009, iliyojulikana kwa jina la Hadopi, ilimfanya mwenye kulipia mtandao awajibike kuulinda usitumike kugawana kazi za watu pasi na idhini. Alionywa mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu jambo likaweza kufika kwa hakimu, ambaye aliweza hata kuamuru nyumba ikatiwe intaneti. Mtu wa kwanza kuhukumiwa, mwaka 2012, alieleza kwamba aliyepakua nyimbo ni mkewe, ambaye walikuwa katika kuachana. Mke akakiri mbele ya mahakama. Mume akatozwa euro 150 hata hivyo, kwani kosa lake lilikuwa kutoulinda mtandao wake. Mwaka uliofuata serikali ikaifuta adhabu ya kukata intaneti.

Tusemayo si kwamba mtunzi hana haki. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki ya utunzi na ya uvumbuzi ni mali yenye thamani, inalindwa kisheria, na haifai kuivamia. Nasi wa pwani twamjua mwenye mali huyo kwa sura. Ni kikundi cha akina mama wa taarabu waliochanga fedha za studio, au vijana wa kaswida waliofanya mazoezi miezi mitatu. Kazi ikitoka Ijumaa, Jumamosi imeshaenea kwenye simu za mji mzima, na kibandani muuzaji aitia kwenye flashi kwa shilingi chache, yeye akapata na wao wasipate. Mambo haya hayakuanza na simu; enzi za kaseti yalikuwepo, ila kaseti ilinakiliwa moja moja.

Kenya haikufuata njia ya Duluth. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa taarifa: mwenye kazi huiandikia kampuni ya mtandao, akaeleza ni kazi ipi na imewekwa wapi, nayo kampuni hutakiwa kuifungia ndani ya saa 48 za kazi. Atoaye taarifa ya uongo naye ni mkosaji. Utaratibu huu twaupendelea, kwa kuwa waiondoa kazi iliyowekwa pasi na ruhusa bila kumfilisi mama wa mtu.

Lakini una ugumu wake. Taarifa yatakiwa iwe ya maandishi, iambatane na kiapo cha umiliki, na kuapa kwataka wakili na ada. Kampuni kubwa ya filamu ina mawakili wa kazi hiyo kila siku. Kikundi cha akina mama chenye akiba ya harusi mbili hakina, na kiapo kikipatikana wimbo umeshafika Lamu na Muscat. Hapa ndipo Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ingetufaa: fomu fupi ya Kiswahili, na afisa wa kuapisha bila malipo mjini Mombasa, Malindi na Lamu kwa watunzi wadogo.

Kuhusu simu za watoto wetu, hakuna taarifa ya saa 48 itakayofika huko. Huko hufika mzazi tu, akauliza faili imetoka kwa nani, na kama mwenyewe alilipwa.