Bega Lililoteguka Lisipuuzwe

Kijana akianguka uwanjani Isiolo bega likateguka, wenzake huwa wepesi kulivuta lirudi, na jioni nyumbani hasemi neno. Tunawasihi wazazi: bega lisivutwe, kwani mishipa huweza kudhurika. Mkono utulizwe kwa leso, mgonjwa apelekwe hospitali.

Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa katika kikombe kisicho na kina, kilichozungukwa na ukingo wa gegedu. Mfupa utokapo kwa mbele, ukingo huo hubanduka. Daktari Blundell Bankart wa London aliueleza mwaka 1923. Usiposhikana vyema, bega hutoka tena, pengine kwa kujigeuza kitandani tu. Kadiri mchezaji alivyo mdogo, ndivyo hatari inavyozidi.

Zamani bega lilipasuliwa wazi. Siku hizi daktari hupitisha kamera nyembamba katika matundu madogo, akaushona ukingo kwa nanga ndogo zilizopachikwa mfupani. Mfupa ukiwa umemomonyoka sana, njia hii haitoshi; ndiyo maana picha hutangulia kisu.

Matibabu haya hupatikana Nairobi, kilomita 280 hivi kutoka Isiolo, na gharama si haba. Lakini kazi ndefu zaidi hubaki nyumbani: mkono hutundikwa shingoni wiki 4 hadi 6, kisha mazoezi ya viungo, na michezo ya kugongana hungoja takriban miezi 6. Kijana atajiona amepona mapema. Hapo ndipo subira ya mama inapohitajika, kwani mwili ni amana, na amana hutunzwa.