Mto Ruzizi na Mapatano ya Inchi Tatu

Anayesimama kwenye mpaka wa Ruzizi, hapa Bukavu, huona daraja, askari, na akina mama wenye mizigo kichwani. Wachache hutazama maji yenyewe. Maji hayo hutoka katika ziwa Kivu, lililo karibu meta 1,460 juu ya bahari, na hushuka mpaka ziwa Tanganyika, lililo karibu meta 770 tu. Hiyo ndiyo mali yetu: maji yanayoporomoka huzungusha mashini, na mashini huzaa umeme. Kesho mvua hunyesha tena, maji hurudi. Petroli haina tabia hiyo. Ukiisha kuichoma, imekwisha.

Tofauti hii inagusa siasa pia. Petroli hupakiwa katika meli na kuuzwa ngambo ya bahari. Mwenye kisima cha petroli aweza kumnyima jirani yake, akatajirika kwa rafiki wa mbali. Lakini mto wa mpaka hauna mwenyewe mmoja, na umeme wake huenda mahali zinapofika nyaya, ni kusema kwa majirani. Kwa hiyo umeme wa maji hufunga majirani pamoja, wapende wasipende. Sisemi kwamba unawapendanisha. Hilo ni neno jingine.

Mtambo wa kwanza, ule wa Mururu, ulianza kazi katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, 1958 na 1959. Ulikuwa wa kuangazia Bukavu, na pia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Siku zile Mbelgiji alitawala pande zote mbili, basi hakuna aliyeuliza umeme ni wa nani. Kisha Kongo ikapata uhuru mwaka 1960, Rwanda na Burundi mwaka 1962. Bendera zikawa tatu, lakini nyaya zikabaki zilezile. Jambo lililokuwa la mtawala mmoja likawa la mapatano kati ya serkali.

Mapatano hayo yalikuja polepole. Mwaka 1976 inchi tatu zilifanya shirika la CEPGL kule Gisenyi. Mwaka 1983 zikaanzisha kampuni ya umeme iitwayo SINELAC, makao yake hapa Bukavu, kila inchi ikiwa na theluthi moja. Mwaka 1989 mtambo wa pili, Ruzizi II, ukaanza kazi: karibu megawati 44, kupita Mururu wenye karibu megawati 30.

Pengine mtu atauliza: ikiwa umeme unafunga majirani, mbona tumepigana hivi? Swali hili ni la haki, wala sitaki kulikwepa. Baada ya mauaji ya mwaka 1994 CEPGL ililala, nayo ikaamshwa tu mwaka 2007. Vita ilikuja mwaka 1996, ikarudi mwaka 1998. Katika mwezi wa nane 1998 waasi pamoja na askari wa Rwanda waliteka Inga, wakakata umeme wa Kinshasa, na mji wa mamilioni ya watu ukakaa gizani. Tazameni basi: mashini ileile iliyo dawa ya jirani aweza mtu kuifanya silaha. Mwezi wa kwanza 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Mwezi wa pili 2025 askari wa M23 waliingia Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda inawasaidia, Rwanda inakana.

Hata hivyo, katika miaka hiyo yote hakuna inchi iliyoweza kuchukua theluthi yake ya Ruzizi II na kwenda nayo nyumbani. Watu watatu wenye ng'ombe mmoja hawawezi kugawana miguu yake wakati angali anatoa maziwa. Ubishi wao watabishana karibu na ng'ombe.

Ulaya ilijua jambo hilo. Tarehe 9 Mei 1950 Robert Schuman, mkatoliki na waziri wa Ufaransa, alitaka makaa na chuma za Ufaransa na Ujerumani ziwe chini ya baraza moja, ili vita kati yao isiwezekane tena. Lakini tusisahau kwamba bunduki zilikuwa zimenyamaza miaka mitano kabla. Sisi tunajaribu kujenga wakati zingali zinalia.

Sasa mpango mkubwa ni Ruzizi III, upande wa Kamanyola na Bugarama, wa megawati 206. Inchi tatu zilitia sahihi mapatano yake Kinshasa mwaka 2019. Tena mapatano ya Kongo na Rwanda ya Washington, tarehe 27 Juni 2025, yanataja umeme wa maji na mali za ziwa Kivu. Ni vema. Lakini karatasi hiyohiyo inataja madini, nami naona wakubwa wa mbali wanasoma hasa ukurasa huo. Kobalti inayotiwa katika betri za motokari za umeme, sehemu kubwa ya ile ya dunia nzima hutoka Haut-Katanga na Lualaba. Madini hupakiwa na kusafirishwa kama petroli. Mto haupakiwi, kwa hiyo majirani wenyewe wanapaswa kuukumbuka.

Na mapatano ya mto huharibiwa na mambo madogo kuliko vita. Jambo la kwanza ni deni. Wanaopokea umeme wa SINELAC wamechelewa mara nyingi kulipa, na kampuni isiyolipwa haiwezi kununua vyuma vipya. Jirani anayelipa hunung'unikia asiyelipa, na kweli iko pamoja naye.

Jambo la pili ni taka. Mvua ikinyesha Kadutu, chupa za plastiki hushuka katika mto Kawa, zikaingia ziwani, maji yakazivuta mpaka Mururu. Hapo huziba njia ya mashini, na wafanyakazi huzitoa kwa mikono na vyombo, siku kwa siku, kabla ya turbini kuzunguka vizuri tena. Kinachopita Mururu hufuata mto mpaka Ruzizi II, ambako umeme ni wa Kigali na Bujumbura pia.