ORDINATERE MPYA INALIA: TUFANYE NINI?



Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo tulipata ordinatere ya mezani katika biro ya shule. Wengine wanaiita kompyuta. Siku ile ile ikaanza kulia «siii», kama mbu anayezunguka chandarua. Wanafunzi tukasema: «Bwana Prefe, inalia!» Bwana Prefe akainama, akasikiliza, akajibu: «Mie sisikii kitu. Ninyi mnaogopa bure.» Fundi mmoja aliyepita akasema mashini imekufa, alipwe ili abadilishe kisanduku chake cha umeme. Basi, ikafunikwa kitambaa majuma matatu, na pointi za madarasa yote zikaandikwa kwa mkono.

Kumbe ilikuwa nzima! Mwalimu wetu wa fizikia ndiye aliyetufungulia macho. Tunaandika haya ili mwingine asipoteze feza bure.

NANI ALISEMA KWELI?

Wote wawili. Sauti ni mitetemo. Sikio la kijana linaweza kusikia mpaka karibu mitetemo 20.000 kwa sekunde moja. Mtu akiendelea kuwa mzee, zile sauti nyembamba zinaanza kumpotea. Kwa hiyo Bwana Prefe hakutudharau, na sisi hatukumdanganya.

SAUTI INATOKA WAPI?

1. «Siii» nyembamba. Ndani ya mashini muko bobini, ni waya wa shaba uliozungushwa. Umeme unapita humo ukikatwa na kurudishwa maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mara nguvu ya sumaku inavuta ule waya kidogo, nao unatetemeka. Alama yake ni hii: sauti inabadilika ukisogeza panya au ukifungua kazi kubwa. Hii inasumbua masikio, lakini kwa kawaida haiharibu kitu.

2. «Vuuu» ya upepo. Hii ni ventilatere inayopoza mashini. Ikiongezeka, mara nyingi ni vumbi, na wakati wa kiangazi vumbi la barabara yetu tunalijua! Zima, chomoa waya, fungua ubavu, ondoa vumbi kwa burashi laini. Shika mabawa ya ventilatere yasizunguke.

3. «Nguuu» nzito ndani ya bafle. Chomoa ule waya unaotoka kwenye mashini kwenda kwenye bafle. Sauti ikinyamaza, bafle ni nzima. Matata yanaletwa na waya. Mara nyingi umeme hauna waya wa udongo, ule wa mguu wa tatu wa priza. Ukigusa chuma cha mashini na vidole vikawashwa, ni sababu hiyo hiyo. Mwite fundi wa umeme afunge waya wa udongo, wenye chuma kilichopigwa chini mahali penye unyevu.

4. «Ta, ta, ta» ya diski. Hii siyo ya kuchezea. Nakili kazi zako zote mahali pengine siku ile ile.

Tena, sisi tunaotumia umeme wa jua tuangalie konvertisere. Zile za bei ndogo hazitoi umeme laini. Zinautoa kama ngazi, na mashini inanguruma. Ijaribu kwanza kwa umeme wa grupu. Sauti ikiisha, kosa siyo la ordinatere.

NA REDIO JE?

Wengine walilalamika kwamba mashini ikiwashwa, habari za redio zinajaa «kharrr». Ni kweli. Umeme ule unaokatwa-katwa unatoa mawimbi, na redio inayashika. Peleka redio mbali hatua tano au sita, itumie mawe ya betri, isichomekwe priza moja na mashini. Ukipata pete nyeusi ya feriti, uifunge kwenye waya, karibu na mashini.

ANGALISHO

Usifungue kamwe kile kisanduku cha umeme! Umeme wa volti 220 ukiingia humo unageuzwa kuwa zaidi ya volti 300, na kondansatere zinaweza kuuhifazi hata baada ya kuchomoa waya. Unaweza kuua.

KWA KUMALIZA

Mwalimu wetu hakuwa na chombo chochote. Alikunja karatasi kama bomba, akaweka sikio moja, akasikiliza pembe kwa pembe. Kisha akabadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja: kwanza bafle, halafu priza, halafu konvertisere. Angebadilisha vyote pamoja, asingejua dawa ni ipi. Mwishoni alisogeza mashini chini ya meza, ukutani, basi.

Leo «siii» ingali iko, lakini kazi inaendelea, na pointi za muhula zimetoka kwenye mashini. Ndugu wanafunzi, kitu kikilia, tusikimbilie kusema kimekufa. Tukisikilize kwanza.