Maji Meupe Siyo Maji Salama

Msafiri afikaye Mbandaka huona jambo la kustaajabisha. Mto Ruki huingia katika mto Kongo, nao maji yake ni meusi mithili ya chai iliyokolea. Vivyo hivyo ziwa Mai-Ndombe, ambalo jina lake maana yake ni maji meusi.

Je, ni nani aliyeyatia weusi? Ni msitu wenyewe. Majani na matawi huanguka, hulowana na kuoza. Mvua na mafuriko huvuta humo tanini na vitu vingine vya rangi, kama maji ya moto yavutavyo rangi ya majani ya chai. Tanini ndiyo iletayo ukakasi kinywani, nayo hutumika tangu kale kulainisha ngozi za wanyama zisioze. Kitambaa hakiwezi kuizuia, kwa kuwa imeyeyuka majini.

Basi wataalamu wa kemia hufanyaje? Hutengeneza punje ndogo za plastiki ziitwazo resini, zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupitishwa kati ya punje hizo, na tanini huingia vitunduni ikanata kwenye kuta zake. Nguvu ya resini imo katika wingi wa kuta hizo. Ziko resini ambazo gramu moja tu, kama kuta zake zingekunjuliwa, ingeenea mita za mraba 500, kupita uwanja wa mpira wa kikapu. Punje zikishiba huoshwa, nyingine kwa maji ya chumvi, nyingine kwa alkoholi, kisha hutumika tena.

Kazi hiyo si ya kupendeza macho tu. Klorini ikitiwa katika maji yenye tanini, sehemu yake hupotea kwa tanini kabla ya kuua vijidudu. Tena mwaka 1974 Mholanzi Rook alionyesha kwamba klorini ikikutana na vitu hivyo vya mimea huzaa klorofomu, isiyofaa kunywewa miaka mingi. Kwa hiyo yafaa rangi iondolewe kwanza, ndipo klorini itiwe. Hata hivyo, asiwepo mtu wa kuacha klorini kwa hofu hiyo, maana kipindupindu chaweza kuua kwa siku moja.

Lakini angalieni sana, enyi wazazi, nanyi wanafunzi: resini huondoa rangi, haiui vijidudu. Maji yang'aayo kama kioo yaweza kubeba homa ya matumbo, na maji ya kahawia yaliyochemshwa vema yaweza kunyweka bila kuleta ugonjwa huo. Mama asiyapime maji kwa macho. Ayachemshe mpaka yatokote kwa dakika nzima, kisha ayafunike katika chombo safi.

Bwana wetu aliwakemea wale waliosafisha kikombe kwa nje tu. Tusidanganywe na weupe: tutafute usafi wa ndani, wa maji yetu na wa mioyo yetu pia.