Kisu Kina Makali, Mbona Hakikati?

Mama aliyekileta kile kisu alikuwa na haki ya kulalamika. Kilikuwa kimetoka kunolewa, na karatasi kilikuwa kinaichana bila kukwama. Lakini akikitia kwenye kiazi kitamu, kinaingia kidogo, kinagoma, halafu kiazi kinapasuka chenyewe kwa mlio. Kipande kimoja kinene, kingine chembamba. Kwa mkata michembe, vipande vya kiazi vya kukausha, hiyo ni hasara tupu: vyembamba vinakauka juani, vinene vinaota ukungu.

Nilikuwa jirani na Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kwenye kibanda cha mzee anayenoa visu vya mama lishe na wapaa samaki, na swali la yule mama halijaniacha mpaka leo.

“Makali hayana kosa,” mzee alisema. “Shika hapa mgongoni, shuka nacho taratibu.” Nikakibana kwa kidole gumba na cha shahada. Chuma kilipaswa kupungua kadiri vidole vinavyoshuka. Hiki kilibaki na unene uleule karibu mpaka mwisho.

Ndiyo siri yenyewe. Kila kisu kinaponolewa, makali hurudi juu kidogo, kuelekea mgongoni kwenye chuma kinene. Miaka ikipita, kisu hugeuka kabari: hakikati tena, kinapasua. Hapo dawa ni kupunguza bapa. Wajapani huihesabu kazi hii kuwa sehemu ya kawaida ya kutunza kisu cha jikoni, na katika mji wa Sakai mfua chuma na mnoaji ni mafundi wawili tofauti, kila mmoja na heshima yake.

Mzee alichukua maka peni, akapaka wino bapa zima. Akalowesha jiwe, akakilaza kisu karibu kulala kabisa, vidole vya kushoto vikikandamiza palepale jiwe linapogusa. Mikupuo michache, akainua. Wino ulikuwa umefutika katikati tu. “Ukibaki huku kwenye makali, bado hujafika.” Akaendelea. Tope jeusi likajaa juu ya jiwe, nikanyoosha mkono nilimwagie maji. Akanizuia. “Liache, mwanangu. Hilo nalo linasaga.”

Kijana wa jirani ana grenda, na kazi hiyo angeimaliza kwa dakika chache za cheche. Mzee haitaki. “Chuma kikigeuka bluu, matiko yametoka. Utakinoa asubuhi, mchana butu.” Maarifa ya chuma si mageni kwenye ziwa hili: mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu feleji iliyoyeyushwa upande wa Buhaya karibu miaka 2,000 iliyopita.

Bapa lilipokonda, likabaki limejaa mikwaruzo. Akaviringisha msasa wa maji kwenye kipande cha mbao: namba 240, kisha 400, 800, mwisho 1000. Kila namba aliisugua kukata njia ya iliyotangulia, mpaka mikwaruzo ya mwanzo ikaisha. “Ukiruka namba, itakusuta.” Makali yenyewe aliyanoa mwisho kabisa, kwa mikupuo ya kuhesabika. Mwenye jiwe, msasa na subira anaweza kuyafanya haya nyumbani, ila aanze na kisu asichokihitaji jioni hiyo.

Nilimuuliza kwa nini basi hapunguzi kila kisu kinachomfikia. Akanionyesha kidole upande wa wauza mapanki. Tangu viwanda vya minofu ya sangara vishamiri hapa miaka ya 1990, mifupa na vichwa vinavyobaki, yaani mapanki, vina soko lake. “Kisu cha mapanki usiniletee nikipunguze. Kinapigana na mifupa, kitang'oka meno.” Shida ni kwamba mama wengi wana kisu kimoja tu. Asubuhi kichwa cha sangara, jioni kiazi.

Kwa hiyo alipunguza kuanzia nchani hadi katikati, akauacha unene karibu na mpini kwa ajili ya mifupa. Kama jikoni mtu atakumbuka kipi kinakatiwa wapi, sijui. Mama akalipa bei ileile ya kunoa, akaondoka. Mzee hakudai zaidi, ingawa kazi ilikuwa imemlia nusu ya siku.

“Nimdai ya nini?” aliniuliza. “Nimwambie nimemtolea chuma chake, anilipe?”